Mtetemo wa Ardhi Kutokana na Ulipuaji: Soma Dalili Kabla ya Kupunguza Baruti

Kabla ya kulipua mwamba machimboni, hesabu ilisema ardhi itatikisika kwa kasi ya milimita 3 kwa sekunde, lakini sismografu (chombo cha kupimia mtetemo) iliyowekwa uwanjani kwa jirani imeandika 9. Agizo linalotoka haraka ofisini huwa moja: punguzeni baruti. Mlipuaji hutii kwa njia iliyo rahisi kwake. Hutanua nafasi za matundu ya baruti ili benchi lile lile, yaani ngazi ya mwamba inayolipuliwa, litumie mifuko michache, halafu blasti (raundi ya ulipuaji) inayofuata inatikisa zaidi ya ile ya kwanza. Mwamba ulio mbele ya kila tundu sasa ni mnene kuliko uwezo wa baruti iliyo nyuma yake, na nguvu iliyoshindwa kuusukuma mbele imeingia ardhini.

Jumla ya tani za blasti haisemi mengi kuhusu mtetemo. Tani 5 zilizogawanywa vizuri kwa muda zinaweza kutikisa nyumba kidogo kuliko kilo 300 zilizolipuka kwa mpigo mmoja. Kinachotafutwa ni kilo ngapi zimelipuka pamoja, zimebanwa kiasi gani, na wimbi limepita kwenye ardhi ya namna gani hadi kufika kwenye nyumba.

Kabla ya kugusa chochote, kusanya grafu ya wimbi lenyewe (namba ya juu peke yake haitoshi), mchoro wa matundu wenye muda wa kila tundu, karatasi ya upakiaji iliyojazwa benchini siku ile na si ile iliyopangwa jana yake, na video. Umbali upimwe kutoka tundu lililo karibu zaidi na nyumba. Wengi hupima kutoka katikati ya blasti, na kwenye blasti yenye urefu wa mita 80 kosa hilo peke yake linaweza kufika mita 40.

Benchi la mfano

Tuchukue machimbo ya kokoto yenye mwamba mgumu. Kipenyo cha tundu ni mm 102, benchi lina kimo cha m 10, na tundu limetobolewa m 11, yaani m 1 ya ziada chini ya sakafu. Badeni, ule unene wa mwamba kati ya tundu na uso ulio wazi, ni m 3.2. Nafasi kati ya tundu na tundu ni m 3.7, na kizibo cha juu ni m 2.8. Anfo (baruti ya chembechembe) ya kumimina huingia kama kilo 6.7 kwa kila mita ya tundu hili, kwa hiyo tundu moja linabeba kilo 55 hivi. Hiyo ni takriban kilo 0.46 kwa kila mita ya ujazo ya mwamba.

Nyumba iko m 300. Gawanya umbali huo kwa kipeuo cha pili cha kilo zinazolipuka pamoja: 300 ÷ √55, sawa na 40.5. Kiwango cha Australia cha matumizi ya baruti, AS 2187.2, kwa benchi lenye uso wazi na mazingira ya wastani kinazidisha 1140 kwa 40.5 yenye kipeo cha −1.6. Jibu ni mm 3.1 kwa sekunde. Matundu mawili yakilipuka pamoja tunapata 5.3, matatu 7.4, manne 9.3.

Kwa hiyo ile 9 ya juu, kama imetokana na kilo peke yake, inataka matundu manne yawe yamelipuka kwa mpigo mmoja. Swali hilo linajibika: angalia mchoro. Kama hakuna namna manne yangeweza kukutana, achana na kilo, tafuta kwingine. Na usiiabudu fomula. Waandishi wa kiwango chenyewe wanaonya kwamba mtetemo halisi unaweza kuwa kati ya mara 0.4 na mara 4 ya uliokadiriwa. Kipande kikubwa cha tofauti hiyo ni jinsi mlipuko ulivyobanwa.

"Pamoja", kwa desturi ya walipuaji, ni ndani ya milisekunde 8. Desturi hii ilitoka Marekani, na kanuni za huko za machimbo ya makaa ya mawe zinaitumia hadi leo. Si sheria ya maumbile. Ukiwa mbali, kwenye udongo laini, mapigo yaliyoachana hata milisekunde 20 yanaweza kufika yamepandana.

Mipaka ya kulinganisha

Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele na mtetemo zinaweka sentimita 0.5 kwa sekunde, yaani mm 5, nje ya mpaka wa eneo la chanzo. Kiwango cha Ujerumani, DIN 4150-3, huangalia pia idadi ya mitikisiko kwa sekunde (Hz): kwa nyumba za kuishi ni mm 5 chini ya Hz 10, kisha kinapanda taratibu hadi 15 kwenye Hz 50 na 20 kwenye Hz 100. Kwa majengo dhaifu au ya kihistoria kinaanzia mm 3. Kanuni za Marekani za makaa ya mawe zinaruhusu mm 25.4 kwa nyumba iliyo kati ya futi 301 na 5000. Usichanganye namba hizi. Mm 25 ya Marekani ililenga kuzuia ufa, haikulenga kumfanya mtu aridhike. Binadamu huanza kuhisi mtetemo chini ya mm 1.

Dalili: kituo kimoja cha kupimia kimeruka, vingine vimetulia

Anza kwa kushuku chombo. Jiofoni, yaani kihisio cha sismografu kinachokaa ardhini, ikikaa vibaya haipimi ardhi, inapima jinsi yenyewe inavyorukaruka. Grafu hujisema: mstari mmoja kati ya mitatu (wima, mbele, pembeni), mara nyingi ule wa wima, una miiba mikali ya Hz 80 na zaidi wakati mistari mingine imetulia, au mstari haurudi kwenye sifuri baada ya blasti. Vilele vilivyokatwa bapa kama meza vinaonyesha kwamba chombo kimefika mwisho wa uwezo wake. Namba hiyo ni ndogo kuliko ukweli, wala haifai kwenye ripoti.

Nenda ukaangalie mahali ilipokaa. Makosa yanayojirudia ni haya: imewekwa juu ya tofali la baraza lililolegea, kwenye bustani iliyolimwa, juu ya majani, au ndani ya nyumba kwenye sakafu ya ghorofa. Mahali pake ni ardhini nje, upande wa nyumba unaotazama machimbo. Njia iliyo imara kuliko zote ni kuifukia. Chimba shimo lenye kina kisichopungua mara tatu ya kimo cha jiofoni, iweke sawa kwa kutumia pima maji yake, rudisha udongo na uushindilie kwa mkono tabaka kwa tabaka. Ukitumia miiba ya kuchomeka jiofoni ardhini, ondoa kwanza majani na udongo uliolegea, kisha isukume mpaka kitako kiguse ardhi ngumu. Mfuko wa mchanga wa kilo 4 au 5 uliojazwa nusu nusu, ukalala na kuifunika jiofoni pande zote, unafaa mtetemo mdogo tu. Mfuko uliojazwa ukasimama kama mto unacheza pamoja na jiofoni.

Kipimo cha kuamua ni mchapuko. Zidisha 6.28 kwa Hz kwa kasi ya kilele. Mm 25 kwa sekunde kwenye Hz 40 ni mita 6.3 kwa sekunde ya mraba, kama 0.64 g (g ni mchapuko wa kitu kinachoanguka). Chini ya 0.2 g jiofoni inaweza kukaa yenyewe. Kati ya 0.2 na 1 ni bora ifukiwe au ifungwe, na miiba inaweza kutosha. Zaidi ya 1 g ifukiwe au ifungwe kwa boliti, hakuna mjadala.

Mshale wa jiofoni uelekee kwenye blasti. Ukielekea kwingine jumla ya pande tatu haibadiliki, ila utapoteza uwezo wa kutofautisha wimbi la mbele na la pembeni. Muda wa kurekodi nao hukosewa sana: chukua urefu wa blasti, ongeza sekunde 2, kisha sekunde 1 kwa kila m 335 za umbali. Kwa blasti ya sekunde 1.5 na nyumba iliyo m 700, weka sekunde 6. Ukiweka 3, chombo kitazima kabla mshindo wote wa hewa haujapita.

Dalili: grafu ya kawaida yenye mwiba mmoja mkubwa katikati

Hapa chombo ni kizima. Kuna sehemu ya blasti ambapo kilo nyingi zimekutana. Pima kwenye grafu mwiba umetokea milisekunde ngapi baada ya wimbi la kwanza, kisha rudi kwenye mchoro uone ni matundu gani yalipangiwa kulipuka karibu na muda huo. Kazi hii huchukua nusu saa, na ndiyo inayofumbua mafumbo mengi kuliko nyingine zote.

Chanzo kikubwa ni mpango wa dilei, yaani muda wa kuchelewesha kila tundu, ambao kwenye karatasi unaonekana salama. Chukua mpango unaopendwa sana: ms (milisekunde) 25 kati ya tundu na tundu, ms 42 kati ya safu na safu. Safu ya kwanza inalipuka 0, 25, 50, 75, 100, 125. Safu ya pili 42, 67, 92, 117. Safu ya tatu 84, 109. Safu ya nne inaanza 126. Tazama: 42 na 50 zimeachana 8, 67 na 75 zimeachana 8, 84 na 92 hivyo hivyo, na 125 na 126 zimeachana milisekunde moja. Kuanzia safu ya nne matundu yanalipuka mawili mawili wakati karatasi ya upakiaji inaendelea kuandika "kilo 55 kwa dilei".

Hiyo ni kama fataki, vile viwashio vya baruti, zingekuwa sahihi kabisa. Fataki za mrija zenye dilei ya ms 500 ndani ya tundu, zikiwa na kosa la asilimia 1 tu, zinaweza kuwahi au kuchelewa ms 5. Tofauti ya 8 inaweza kufutika yote. Kwa hiyo hata blasti ya safu mbili inaweza kuwa na matundu yanayokutana, leo yakutane, kesho yasikutane. Ndiyo maana blasti mbili zenye mchoro uleule hutoa namba tofauti na watu wakabaki kulaumu mwamba.

Dawa: andika muda wa kila tundu, panga kuanzia mdogo hadi mkubwa, tafuta pengo dogo kuliko yote. Kwa safu tatu, ms 42 kati ya matundu na ms 100 kati ya safu hutoa pengo dogo la 10: safu ya pili inaanza 100, katikati ya 84 na 126, ya tatu inaanza 200, katikati ya 184 na 210. Si bure, kwa sababu dilei inayojirudia kila ms 100 ni mapigo ya Hz 10, na Hz 10 ni eneo ambalo nyumba nyingi hupenda kucheza. Ukiweza kupata fataki za kielektroniki, ambazo kosa lake ni sehemu ndogo ya milisekunde, unaweza kuchagua pengo lolote na likabaki kama ulivyolipanga. Ni ghali, lakini kwa safu chache zilizo karibu na nyumba gharama yake huwa ndogo kuliko ya kusimamishwa kazi.

Kama mchoro uko safi na mwiba upo, shuku tundu lililokula baruti kupita kiasi. Mwamba wenye mapango au nyufa pana hunywa anfo. Mfuko wa kilo 25 kwenye tundu la mm 102 unapaswa kupandisha baruti m 3.7. Pima kwa tepu yenye uzito baada ya kila mfuko. Ikipanda m 2.5 tu, simama: kuna pango. Jaza sehemu hiyo kokoto hadi uipite, kisha endelea na baruti juu yake. Anayemimina mifuko miwili bila kupima amejinyima nafasi ya kujua.

Na pengo kwenye grafu pale ambapo pigo lilitarajiwa linaweza kumaanisha tundu halikulipuka. Mwambie mlipuaji mwenye leseni kabla mtu yeyote hajapanda kwenye kifusi.

Dalili: grafu nzima iko juu kuanzia mwanzo hadi mwisho

Hakuna mwiba. Kila pigo ni kubwa mara mbili au tatu ya linavyotarajiwa. Hii ni sura ya mlipuko uliobanwa, na ndipo agizo la "punguzeni baruti" linapoleta madhara.

Angalia safu ya kwanza. Uso wa benchi hauko wima kama ukuta. Mdomo wa tundu unaweza kuwa m 3.2 kutoka ukingoni na chini, kwenye guu la benchi, kukawa na m 4.5 ya mwamba. Ongeza mtobo uliopinda: kupinda kwa asilimia 3 kwenye tundu la m 11 ni sm 33. Pima uso kwa leza kama ipo. Kama haipo, nguzo iliyotokeza nje ya ukingo, kamba yenye timazi na tepu vinatosha kupata badeni ya kila tundu kila baada ya m 2 za kimo. Pale guu lilipo nene, toboa tundu fupi la kusaidia, au sogeza tundu mbele. Usipunguze mzigo wake.

Angalia kifusi. Blasti iliyopita ikiacha kifusi kimeegemea uso, safu ya kwanza haina pa kwenda. Shinikizo la ratiba husababisha hili kuliko ujinga: ekskaveta iko upande wa pili, kreshaa inasubiri mawe, basi watu wanalipua juu ya kifusi. Ukilazimika, jua kwamba mtetemo utapanda, na usifanye hivyo kwenye safu iliyo karibu na nyumba.

Angalia muda kati ya safu. Mwamba wa safu ya mbele unahitaji muda wa kuondoka kabla ya safu ya nyuma kusukuma. Kwa kukadiria, ms 10 kwa kila mita ya badeni ni kima cha chini, na blasti yenye safu nyingi inataka 20 au zaidi. Badeni yetu ya m 3.2 inataka basi si chini ya 32, na kuanzia safu ya nne tungependa 65 na kuendelea. Ukiona kwenye video safu za nyuma zinarusha mawe juu angani badala ya mbele, safu zimekimbizana.

Kufungua sakafu mpya, yaani kulipua mahali ambapo hakuna uso wazi wowote, kunabana kuliko kazi nyingine ya kawaida. Hapo usitumie mzigo wa benchi la kawaida. Tumia matundu mafupi, benchi la m 5 badala ya 10, na anza sehemu iliyo mbali na nyumba. Kupasua ukuta wa mwisho kwa mstari wa matundu yaliyokaribiana nako hutetemesha sana kwa kila kilo, kwa sababu matundu mengi hulipuka kwa mpigo mmoja na hakuna kinachosogea. Yagawe makundi madogo yenye ms 25 kati yake. Ukuta utabaki mzuri wa kutosha.

Msimu wa mvua huleta chanzo chake. Anfo iliyolowa hailipuki ipasavyo. Sehemu ya chini ya tundu inabaki imefunga, guu la benchi halisogei, na safu inayofuata inalikuta limesimama. Tundu lenye maji lipakiwe emalshani (baruti inayostahimili maji), si anfo yenye matumaini.

Baada ya hayo yote kurekebishwa, kama namba bado iko juu, sasa punguza kilo, na upunguze kwa njia inayofaa: gawa mzigo wa tundu madaraja mawili yanayolipuka kwa nyakati tofauti. Nusu ya mzigo hushusha mtetemo hadi asilimia 57 hivi. Kokoto kati ya madaraja iwe angalau vipenyo 6 vya tundu kwa tundu kavu, 12 kwa lenye maji: sm 60 na m 1.2 kwa tundu letu. Ikiwa fupi, daraja la kwanza litalipusha la pili na utakuwa umenunua fataki mbili kwa kazi ya moja. Njia nyingine ni kipenyo kidogo. Tundu la mm 76 linabeba kilo 3.7 kwa mita, lakini lazima badeni na nafasi zipungue pamoja nalo.

Dalili: mawimbi mapana, ya polepole, yasiyotaka kuisha

Blasti ilidumu sekunde moja, ardhi imecheza tano, na grafu inaonyesha Hz 4 hadi 8. Hili halitoki kwenye benchi, linatoka njiani. Tabaka nene la udongo laini juu ya mwamba, kama ule udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, huchuja mawimbi ya haraka na kukuza ya polepole. Nyumba za kawaida za ghorofa moja au mbili zina mtikisiko wao wa asili kati ya Hz 4 na 12, kwa hiyo wimbi linaikuta nyumba iko tayari kucheza nalo. Mm 5 kwa sekunde kwenye Hz 40 husogeza ardhi mm 0.02. Mm 5 hiyo hiyo kwenye Hz 5 huisogeza mm 0.16, mara nane zaidi.

Mwelekeo wa blasti huleta tofauti kubwa hapa kuliko kwenye mwamba mtupu. Kwenye mwamba unaopitisha wimbi m 3000 kwa sekunde, matundu yaliyoachana m 3.7 yakielekea kwenye nyumba hupunguziana pengo kwa ms 1.2 tu. Kwenye udongo unaopitisha wimbi la uso wa ardhi m 300 kwa sekunde, pengo la 25 linabaki 13 kwa nyumba inayoelekewa, na linakuwa 37 kwa nyumba iliyo mgongoni. Anza kulipua upande ulio karibu na nyumba, blasti ikimbie kuiacha. Kisha badili dilei ili mapigo yasijirudie kwenye Hz ya udongo: gawanya 1000 kwa milisekunde. Ms 125 ni Hz 8, na huko ni kumtafuta simba kwenye pango lake. Kufupisha blasti, safu mbili badala ya tano, husaidia pia.

Dalili: namba ndogo, malalamiko makubwa

Sismografu imeandika mm 1.2 na mtaa mzima umetoka nje. Usiseme watu wanadanganya. Madirisha na mabati hutikiswa na hewa, si ardhi, na mtu aliye ndani hawezi kutofautisha kwa urahisi. Muulize kwa utaratibu: "Mzee, kilianza kipi, sakafu au dirisha? Vilifuatana au vilikuja pamoja?" Mawimbi ya ardhi hufika m 700 chini ya nusu sekunde. Mshindo wa hewa hufika baada ya sekunde 2 hivi. Akisema kulikuwa na mtikisiko mdogo, kimya, kisha dirisha likapiga kelele, umepata jibu.

Sasa soma mstari wa maikrofoni. Kwa chombo kinachosikia kuanzia Hz 2, kanuni za Marekani zinaishia desibeli 133. Kioo kimoja kimoja huweza kupasuka kuanzia 140. Mtikisiko wa madirisha unaowaudhi watu huanza chini sana ya hapo. Vyanzo vyake viko juu ya ardhi: kizibo kilichorushwa, badeni nyembamba mno mbele ya tundu, waya wa baruti ulioachwa wazi juu. Kizibo cha vumbi la kutobolea huruka kama risasi. Tumia kokoto za mm 10 hadi 13 zenye kona kali, ambazo hujikaza zenyewe gesi inaposukuma. Kwa tundu la mm 102, m 2.5 hadi 3.

Asubuhi yenye ukungu uliolala bondeni ni wakati mbaya. Hewa baridi imekaa chini na ya joto juu, sauti inapindishwa kurudi ardhini, na kijiji cha mbali kinasikia kuliko cha karibu. Subiri jua lichanganye hewa. Mchana hadi alasiri, upepo ukielekea upande usio na watu, blasti ileile hupita bila neno.

Dalili: nyufa

Utafiti wa Idara ya Migodi ya Marekani uliochapishwa 1980 uliweka mm 12.7 kwa sekunde kwa kuta za plasta na 19 kwa kuta za bodi za jasi, kwa mawimbi ya chini ya Hz 40, kama mpaka wa kuzuia ufa mwepesi wa kwanza. Nyumba hizo ni za mbao. Nyumba ya matofali ya tope au ya kuchoma isiyo na mkanda wa zege juu ya madirisha usiipe uhuru huo. Baki karibu na zile 3 hadi 5 za Ujerumani.

Lakini pia usikubali kila ufa. Idara ileile ilipima kuta na kuona kwamba kubamiza mlango kunakaza ukuta sawa na mtetemo wa mm 12.7, kupigilia misumari sawa na 22, na mabadiliko ya joto na unyevu ya siku moja sawa na 30 hadi 76. Ufa unaoanzia kona ya dirisha ukapanda kimshazari, mpana juu kuliko chini, katika nyumba iliyojengwa kwenye udongo wa mbuga, kwa kawaida ni msingi unaozama au kuinuliwa.

Namna ya kuamua ni kupima ufa wenyewe. Bandika kipima ufa cha plastiki chenye mistari ya milimita, kwa gundi ngumu pande zote mbili. Kwa wiki nzima isiyo na blasti soma saa 1 asubuhi na saa 9 alasiri, uandike pamoja na hali ya hewa. Mwenye nyumba asome nawe na kutia sahihi. Ukishajua ufa unatembea kiasi gani kwa jua peke yake, soma saa moja kabla ya blasti na nusu saa baada yake. Ufa uliotembea mm 0.3 kila siku kwa jua na sifuri kwa blasti umejieleza mbele ya mwenye nyumba. Ukitembea kwa blasti, machimbo yana deni. Picha za nyumba, chumba kwa chumba, zenye rula ndani ya picha, zinapaswa kuwa zimepigwa kabla ya blasti ya kwanza. Zikipigwa baada ya malalamiko hazimsaidii yeyote.

Dalili: namba inapanda mwezi hadi mwezi bila sababu

Mara nyingi uso wa machimbo unasogea kuelekea nyumba na hakuna aliyebadilisha umbali kwenye fomu. Kutoka m 300 hadi 250, bila kubadili kingine, 3.1 inakuwa 4.1. Kama umbali ni sahihi, chora blasti zako 20 hadi 30 za mwisho kwenye karatasi ya logi pande zote mbili, umbali uliogawanywa kwa kipeuo cha pili cha kilo ukiwa kwenye mlalo, kasi ya kilele kwenye wima, ukitumia kilo halisi za ms 8 na si za kwenye mpango. Mstari unaopita katikati unakupa namba za machimbo yako, badala ya 1140 na 1.6 za kuazima. Kwa kupanga tumia mstari wa juu unaoacha nukta 5 tu kati ya 100 juu yake. Nukta za benchi jipya zikilala zote upande wa juu, mwamba au maji yamebadilika, na benchi hilo linataka mstari wake. Nukta moja ikiruka peke yake, rudi kwenye grafu ya siku hiyo na uanze tena na jiofoni.